Kiwanja cha babu Ng'ambo, detekta ya kukodi na hizo rupia za kuvuta mchele

Swali lililonifikia ni refu, nalifupisha. Kijana yupo Tabora, familia yao ina kiwanja eneo la Ng'ambo mjini humo ambacho zamani kilikuwa na nyumba ya udongo yenye duka mbele, babu yake alikinunua, nyumba ikaanguka na sasa ni pori dogo tu, watu wanakatiza na watoto wanacheza mpira. Mwakani wanataka kujenga. Ana rafiki aliyekuwa migodini huko Nzega mwenye detekta ya GPX, yaani mashine ya kutafuta vyuma chini ya ardhi, anataka laki mbili kwa siku apime kiwanja chote watafute rupia na sarafu za zamani. Anauliza kama mashine hiyo inafaa, sheria inasemaje, na kama ni kweli rupia orijino inavuta mchele na inauzwa mamilioni.

Marahaba mdogo wangu. Naanza na mchele kwasababu hapo ndipo watu wanapoliwa hela kila siku. Rupia ya Mjerumani, sarafu ya wakati wa ukoloni wake hapa kwetu, ni madini ya fedha asilimia 91.7 na kinachobaki ni shaba, ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30. Fedha haivuti mchele, haivuti sindano, haizimi simu, haifanyi kitu chochote kile zaidi ya kukaa hapo mezani. Hata sumaku haiishiki, na ukiona rupia inarukia sumaku ujue umeshika chuma kilichopakwa rangi. Wanaosema inavuta mchele wana mchezo wao mmoja, watakwambia kuna tajiri anakuja, anaitaka ile yenye nguvu tu, kwahiyo lazima ipimwe na mtaalamu wao na kipimo kina gharama, utatoa laki tano, utatoa milioni, alafu tajiri amekwama airport, toa tena. Kuna watu wanauza ng'ombe na mashamba kwa ajili ya hiyo kitu na inauma sana kuona. Mtu akikutajia mchele, funga mazungumzo hapo hapo.

Sasa thamani halisi ipo, ila ni ya kawaida. Rupia moja ina kama gramu 10.7 za fedha safi ndani yake, hiyo ndo bei ya chini kabisa, juu ya hapo mkusanyaji anaangalia mwaka, herufi ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg) na hali yake, kama sura ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, bado inaonekana vizuri au imelika. Heller moja ya shaba iliyochakaa, ile chenji ndogo ya rupia, usitegemee ikununulie hata kilo ya nyama, zilitengenezwa nyingi mno. Kwahiyo kama hesabu yako ni kwamba laki mbili ya kukodi mashine itarudi na faida, mi nakwambia kabisa usikodi. Ila kama unataka kujua nani alikaa hapo kabla ya babu yako na alikuwa anafanya nini, hapo una kitu kizuri sana mkononi na una muda mfupi wa kukipata kabla zege halijamwagwa.

Sheria. Kwanza kiwanja ni cha familia, siyo chako peke yako, kaa na wazee wakubaliane na iandikwe, nani anachimba na kikipatikana kitu kinakaa kwa nani. Nimeshuhudia ndugu wanaacha kusalimiana kwa ajili ya sarafu ambazo hata hazijapatikana bado. Mpe taarifa na mwenyekiti wa mtaa, maana majirani wakiona mtu anazunguka na mashine jioni maneno yataanza, na kesho asubuhi utakuta kiwanja kina mashimo usiyoyachimba wewe. Pili kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kwa lengo la kutafuta vitu vya namna hiyo bila leseni ni kosa, hata kama pa kwako. Sarafu za Mjerumani na Mwingereza zote ni baada ya hapo, zimeanza 1890. Lakini Tabora siyo mji wa juzi, hapa palikuwa Kazeh, Unyanyembe, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika hapa miezi na miezi tangu kabla ya huo mwaka 1863, kwahiyo chini ya sakafu ya duka kunaweza kuwa na kitu kingine kabisa cha zamani zaidi. Ukifika kwenye shanga nyingi pamoja, vyungu, waya mzito wa shaba uliokunjwa au mifupa, simama. Acha vilivyo, piga picha, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri au pale makumbusho ya Kwihara kwenye tembe la Livingstone waeleze, watakuunganisha na Idara ya Mambo ya Kale. Na Kwihara yenyewe, na Ujiji kwa wenzetu wa Kigoma, msiende na detekta kabisa, hayo ni maeneo ya urithi.

Haya sasa tuje kwenye kinachoweza kuwepo, maana ukijua unachotafuta utajua hata mashine gani uchukue.

Kabla ya reli watu wa hapa walikuwa wanabadilishana zaidi kwa kitambaa, shanga na waya, sarafu zilikuwa chache. Zilizokuwepo ni riale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, ile imeandikwa 1780 miaka yote hata ikitengenezwa miaka mia baadae, kwahiyo huo mwaka usikudanganye, na pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye mzani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Alafu ikaja kampuni ya Wajerumani ya DOAG na pesa zao za shaba kuanzia 1890 mpaka 1892, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, 64 kwa rupia moja. Rupia za India zenye kichwa cha Malkia Victoria nazo zilizunguka sana, uzito sawasawa na ya Mjerumani, ukiipata usiitupe ukidhani ni ya kigeni haihusiki. Kuanzia 1904 serikali ikachukua usukani, rupia ikawa heller 100. Hapo una nusu heller na heller moja za shaba, heller 5 ya mwaka 1908 na 1909 ambayo ni limwamba la milimita 37, kubwa kuliko rupia yenyewe, na zile za tundu katikati, heller 10 na baadae heller 5 ndogo, ambazo ni shaba iliyochanganywa na nikeli kwahiyo rangi yake nyeupe. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na nadhani unaelewa maana yake, mafundi, vibarua na mishahara ya sarafu kila mwezi. Duka lolote la miaka hiyo lilikuwa linashika chenji ya heller kutwa nzima na chenji inadondoka.

Na kuna hii ambayo mtu wa Tabora anatakiwa kuijua kuliko mtu yeyote duniani. Vita ya kwanza ilipoanza Waingereza wakaziba bahari, sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazikuja tena, na watu walikuwa hawaamini noti za karatasi, hasa wapagazi na askari. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kutengeneza sarafu hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli. Walitengeneza heller 5 ya shaba ya njano bila tundu, heller 20 ya shaba ya njano na nyingine ya shaba nyekundu, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo amenyanyua mkonga na mlima Kilimanjaro nyuma yake, dhahabu yenyewe imetoka mgodi wa Sekenke huko Iramba. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Hiyo T iko juu ya sarafu ambazo leo zipo kwenye makabati ya wakusanyaji Ujerumani na Marekani, na vijana wetu wengi wanaopita stesheni kila siku hawajui! Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, kwahiyo kazi yote ile haikufika hata miezi tisa.

Rupia 15 ya dhahabu usiiwaze sana, zilitoka kama elfu 16 hivi na hakuna aliyekuwa anaiacha sakafuni. Na ukiuziwa mtaani ni feki karibu kila mara, ipime, halisi ina gramu 7.17 na dhahabu yake ni asilimia 75. Lakini heller 20 za Tabora zilitoka nyingi, zaidi ya milioni moja, na hizi ndizo ninazotamani uzipate. Utazijua, ni nene hazilingani, ukingo umekaa vibaya, taji upande mmoja na chini mwaka 1916, nyuma namba 20 ndani ya majani. Kuna zenye taji kubwa na taji dogo, kuna zenye ncha za herufi L kwenye neno HELLER zilizojikunja na zilizochongoka, wakusanyaji wanazitenganisha kwa hayo. Iliyochongwa vibaya usidhani feki, ndivyo zilivyotoka karakanani kwa haraka ya vita.

Baada ya hapo ni Mwingereza. Shilingi ya simba kuanzia 1921, ina fedha asilimia 25 mpaka ya mwaka 1946, kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Senti za tundu, 1, 5 na 10, hizi utazipata nyingi. Ukiona ya 1936 imeandikwa Edwardvs VIII utaambiwa ni mali kwasababu yule mfalme alijiuzulu mwaka huo huo Desemba, lakini za Afrika Mashariki zilitengenezwa nyingi tu, nzuri kuwa nayo ila haijengi nyumba. Kuanzia 1966 ni za kwetu, samaki, mbuni, sungura na mwenge.

Usidharau visivyo sarafu. Vidani vya kanisa, maana Wamisionari wa Afrika wapo Tabora tangu karne ile ya 19, vifungo vya sare, lakiri za madini ya risasi zilizofungia magunia, vibati vya namba, makufuli na vifungo vya watu wa reli. Kifungo kimoja chenye herufi za reli kitakwambia aliyepanga chumba cha uani alikuwa anafanya kazi wapi, sarafu haiwezi kukwambia hilo.

Mashine sasa. GPX ni mashine nzuri mno ya dhahabu, inatumia mfumo wa mapigo, inaenda chini sana na haisumbuliwi na udongo mwekundu wenye chuma. Tatizo lake ni kwamba haitofautishi vizuri vyuma. Porini ambako hakuna taka haina shida, lakini kwenye kiwanja cha mjini chenye misumari ya paa, mabati yaliyooza, vizibo vya soda, betri za redio na vipande vya sufuria, itapiga kelele kila hatua na rafiki yako atachimba misumari siku nzima kwa laki mbili yako. Tafuta mashine ya masafa ya kawaida inayotoa namba kwenye kioo, hata Garrett ACE ya bei ndogo, au Vanquish, au Equinox kama kuna mtu anayo. Kama utashindwa kuipata basi subiri, usilazimishe hiyo ya mgodini.

Namba zinasema hivi kwa ujumla, chuma chini kabisa, fedha na shaba nene juu, katikati ni vurugu. Na hapo katikati ndo wengi wanapoteza, wanaifunga mashine isisikie namba za kati wakikwepa karatasi za sigara na vipande vya alumini, kumbe zile heller za tundu za nikeli zinakaa hapo hapo. Zima chuma tu, vingine chimba vyote. Kizibo cha soda kitakudanganya pia, ni chuma lakini umbo la duara linafanya namba ipande, utakizoea, namba yake inayumba ukigeuza upande wa kupita. Kabla ya kuanza chukua senti 10 ya tundu na shilingi ya simba, kwa wazee hazikosekani, uzifukie sentimita 10 kwenye udongo huo huo usikie zinavyolia. Na uibalansi mashine na udongo wa pale, wa Ng'ambo na wa Kwihara siyo sawa.

Usianze kuzunguka ovyo. Kaa kwanza na wazee wa mtaa, kaa nao hata wiki, waulize mlango wa duka ulikuwa upande gani, baraza lilikuwa wapi, mwembe ulikuwepo, jalala lilikuwa wapi, choo kilikuwa wapi, walikuwa wanaingilia upande gani wenye mizigo. Chora. Sarafu zinadondoka pale watu wanapokaa na kusimama wanahesabu, yaani mbele ya kaunta, chini ya kivuli na kwenye kizingiti cha mlango. Alafu funga kamba, gawa miraba ya mita mbili mbili, pita taratibu sahani ya mashine ikiwa karibu kugusa chini na kila mpito ulalie nusu ya ule uliopita, ukimaliza pita tena kwa kukatisha. Msimu mzuri ni mvua zikishaanza, Novemba Desemba hivi, udongo ukiwa na unyevu mashine inasikia vizuri na kuchimba ni laini, mwezi wa nane ardhi ya Tabora unaijua mwenyewe.

Ukipata mlio, kata udongo kwa upande, siyo katikati, mwiko ukiparaza sarafu umeiua. Ikionekana piga picha ikiwa bado ardhini, pima kwa futi kutoka kwenye kona mbili za kiwanja ambazo hazitahama, na kina chake, andika kwenye daftari, ndo uitoe. Najua utaona ni usumbufu. Lakini heller tatu za 1906, 1910 na 1913 zikiwa sehemu moja kina kimoja zimekupa umri wa sakafu ya duka, hizo hizo tatu zikiwa kwenye mfuko wa nailoni bila maelezo ni vipande vya shaba tu. Ukikuta nyingi pamoja, kwenye chungu au kopo, usivute hata moja, hiyo ni kazi ya kumwita mtu wa mambo ya kale mkaifungua pamoja. Shimo lifukie siku hiyo hiyo, watoto wanacheza hapo.

Kitu cha hatari kidogo. Mwezi huo wa tisa 1916 palipiganwa sana kuzunguka mji, Itaga na Lulanguru. Maganda ya risasi ya shaba utayapata na hayana tatizo, lakini risasi nzima yenye kichwa, au kitu kizito chenye umbo la chupa kimejaa kutu, usikigonge, usikibebe kwenda kwa mtu wa vyuma chakavu, weka alama, ondoa watu, ita polisi. Na kama wazee watasema upande fulani kuna kaburi, upande huo haupimwi, mjadala umeisha.

Kuosha ndo kunaua sarafu nyingi Tabora kuliko kutu. Ndimu hapana, jivu hapana, stilwaya hapana, dawa ya kung'arisha shaba hapana, na usiipeleke kwa sonara aichovye. Ule weusi na ukijani ni ngozi yake, ukiitoa mkusanyaji anajua sekunde ile ile na bei inashuka vibaya. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya betri la gari mapya kabisa yasiyo na asidi, siku kadhaa ukibadilisha, toa udongo kwa kijiti laini, kausha kwa kugusa na kitambaa bila kusugua, weka kila moja kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya kwenye daftari lako.

Sasa kuna jambo hukuliuliza na ndo kubwa kuliko yote. Nyumba ya udongo ikianguka, kuta zake zinayeyuka na kumwagika palepale, na kama ilianguka miaka mingi, sakafu ya zamani inaweza kuwa nusu mita chini ya hapo unapokanyaga. Mashine ya kawaida inasikia sarafu moja kwenye sentimita 15 mpaka 20. Maana yake ukipima juu tu utapata senti za Mwingereza, vizibo na shilingi za juzi, na za Mjerumani zitabaki chini na utaondoka ukisema hakuna kitu. Kwahiyo hela ya kukodi igawe mara mbili, siku moja sasa hivi upime juu, na siku mbili uzitunze mpaka mafundi wachimbe msingi. Ongea nao mapema, udongo wa mtaro wa mbele, upande wa barabara palipokuwa na duka, wautandaze kwenye turubai pembeni usizidi urefu wa kiganja, wasiuchanganye na wa nyuma, na wasishindilie kitu kwenye mtaro mpaka umeshapima chini na kuta zake zote mbili. Hapo ndipo utakapoona mstari mweusi wa sakafu ya zamani kwa macho yako kabla hata ya mashine kulia. Weka chekecheke la matundu madogo pia, shanga hazilii kwenye detekta. Ukipata chochote chenye T nitumie picha ya pande zote mbili kwenye mwanga wa asubuhi, rula pembeni, haijaoshwa, na uzito wake kwenye mzani wa sonara, nitakwambia ni taji lipi.